Usihesabu Milinganyo: Aljebra katika Maswali ya Utoshelevu wa Data

Ndugu wanafunzi, asanteni kwa kufika. Leo sifundishi aljebra, mnaijua tangu sekondari. Nataka tuone jinsi aljebra hiyo hiyo inavyowaponza watu wanaoijua vizuri.

Swali la utoshelevu wa data, lile la mtihani wa GMAT wa kuingia shule za biashara, halitaki jibu lako. Linakupa swali na kauli mbili, kisha linauliza kama kauli hizo zinatosha kulijibu. Machaguo hayabadiliki. A: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili haitoshi. B: kinyume chake. C: zinatosha zikiunganishwa tu. D: kila moja inajitosheleza. E: hata zikiungana, hazitoshi. Yakariri, maana anayeyasoma upya kila swali anachoma muda. Tangu toleo jipya la mwishoni mwa 2023, maswali haya yako katika sehemu ya Data Insights: maswali 20, dakika 45, na kikokotoo kinaruhusiwa. Nacho hakitakufaa sana hapa, mtaona.

Tatizo ni ile kanuni tuliyomezeshwa: visivyojulikana viwili, milinganyo miwili. Tazameni ubaoni. x + y ni ngapi? Kauli ya kwanza: 3x + 3y = 21. Ya pili: x − y = 3. Mwenye mazoea ya kuhesabu milinganyo anaona miwili, anaweka C, anasonga mbele. Hebu gawanya ule wa kwanza kwa 3. x + y = 7, basi. Hakuna aliyekuuliza x, wala y. Jibu ni A.

Tena milinganyo miwili huweza kuwa mmoja uliobadili nguo: 2x + 3y = 12 na 4x + 6y = 24. Ukiulizwa x, ni E. Tusikae hapo.

Ninalolipenda zaidi ni hili. a na b ni namba kamili chanya. Swali: a ni ngapi? Kauli ya kwanza: 7a + 11b = 58. Ya pili: a + b = 6. Naona mikono ya C imejaa ukumbini! Haya, chukueni kauli ya kwanza peke yake, mjaribu b. Ikiwa 1, zinabaki 47. Ikiwa 2, 36. Ikiwa 3, 25. Ikiwa 4, 14. Ikiwa 5, 3. Inayogawanyika kwa 7 ni 14 tu, kwa hiyo a ni 2 na hakuna nyingine. Kauli ya pili peke yake inaruhusu 1 na 5, 2 na 4, na kadhalika; haitoshi. Ni A. Maneno “namba kamili chanya” yalikuwa taarifa kamili, mkayapita mbio. Mimi C inayokuja kirahisi hivyo huwa naitilia shaka papo hapo.

Kuna na maswali ya ndiyo au hapana. Je, x ni chanya? Umepewa x³ = −8. Jibu ni hapana, na hapana ya uhakika inatosha. Wengi huichanganya na “haitoshi”.

La mwisho. Je, x ni kubwa kuliko 1? Kwanza: x² > x. Pili: x³ > x. Kishawishi ni kugawanya pande zote kwa x, upate x > 1 mara moja. Utagawanyaje kwa namba usiyojua kama ni chanya au hasi? Kauli ya kwanza inakubali 2, inakubali pia −3. Ya pili inaikataa −3, kwa kuwa −27 ni ndogo kuliko −3, na hapo ndipo watu wanaposhangilia C. Jaribuni −0.5. Mraba wake ni 0.25, umeizidi. Kipeo chake cha tatu ni −0.125, nacho kimeizidi. Kauli zote mbili zimeikubali, na si kubwa kuliko 1. 2 nayo imekubaliwa kote. Ni E. Aliyejaribu 2, 3 na 10 pekee asingeiona kamwe: namba za kujaribu ni hasi, sifuri na sehemu, hasa zilizo kati ya −1 na 1.

Haya, leteni maswali yenu.