Jinsi ya Kumlea Kipepeo wa Nyika, Kuanzia Yai Hadi Kuruka

Karibuni, watazamaji. Leo tunamlea Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye mabaka meupe, ambaye huishi kwenye nyika na mbuga zilizo wazi.

Tafuteni mmea wa porini unaotoa utomvu mweupe kama maziwa, kwa kuwa ndio chakula cha kiwavi wake. Geuzeni jani, mtaona yai moja jeupe, dogo kama kichwa cha pini. Kateni kitawi hicho, kisha mnawe mikono, kwani utomvu huo hudhuru macho.

Siku chache baadaye yai huanguliwa, na kiwavi hula kwanza ganda lake. Kumlisha ni kazi nyepesi: mpeni majani mabichi kila siku na kuondoa kinyesi. Samahani, picha imefifia, nasogeza taa. Sasa anaonekana vizuri, akiwa na mistari myeusi na myeupe, madoa ya njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Napenda mno hatua hii, kwa sababu sumu anayoipata katika majani hubaki mwilini hata akiwa kipepeo, na ndege wakishaionja humwepuka. Jike wa Hypolimnas misippus, kipepeo wa aina nyingine ambaye hana sumu, amepata kinga kwa kufanana naye.

Baada ya wiki mbili hivi, kiwavi hujining'iniza kichwa chini, akijikunja kama ndoano, kisha huwa pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Msimguse, na chombo kiwe kirefu. Nasisitiza urefu kwa sababu zamani nilitumia chupa fupi, na kipepeo alipotoka mabawa yaligusa sakafu, yakakauka yakiwa yamekunjamana, asiweze kuruka kamwe. Tandikeni pia kipande cha chandarua ubavuni, ili apate pa kushika, kwa maana akianguka kabla ya...

Ngojeni, pupa huyu anapasuka! Tazameni mabawa yalivyo madogo na yaliyosinyaa. Anayajaza maji ya mwili wake, nayo yanatanuka taratibu. Tone jekundu lililodondoka si damu, ni taka za mwilini. Msimguse hata sasa. Mwacheni aning'inie saa kadhaa hadi mabawa yakauke.

Huyu ana madoa manne meusi katikati ya bawa la nyuma, kwa hiyo ni dume. Jike huwa na matatu. Jua likipanda, nitafungua chombo palepale nilipookota yai.