Meli Iko Wapi?

ZUHURA: Haya, karibuni. Leo mnisamehe, nimekaa huku miguu iko juu ya kiti kingine.

MUSA: Pole, dada. Kulikoni?

ZUHURA: Jumamosi nilimpeleka Mama Southend, mji wa pwani huku Uingereza.

MUSA: Mama katoka Tanga, kazaliwa na bahari mlangoni, wewe unamlipia nauli akatazame bahari.

ZUHURA: Akatazame gati! Hakuna gati la starehe refu kuliko lile duniani, kilomita 2 na ushei. Tumelipa getini, tukaanza kutembea. Upepo huo! Mama kashika baibui kwa mikono miwili, hasemi neno. Maji yamekupwa, chini ni tope tupu. Tumefika mwisho, katazama kulia, katazama kushoto. Kaniuliza, "Meli iko wapi?"

MUSA: (anacheka) Subhanallah.

ZUHURA: Nikasema, Mama, hakuna meli. "Sasa huku tumefuata nini?" Nikasema tunywe chai. "Chai tumeiacha nyumbani."

MUSA: Mletee Mama maikrofoni, mimi niondoke zangu.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Tulipanga mambo matatu leo: magati yalianzaje, nani aliyajaza, na sisi tunajifunza nini. Anza la kwanza.

MUSA: La kwanza ndilo jibu la Mama. Meli zilikuwepo. Pale Ryde, kisiwa cha Wight, maji yakikupwa chombo hakisogei ufukweni. Abiria anateremkia mbali, anakanyaga mchanga wa maji na mizigo yake. Ndiyo wakajenga gati, 1814. Southend shida ni ileile, tope. Gati la mbao likaja 1830, la chuma 1889.

ZUHURA: Kwetu si ulikuwa unabebwa mabegani kutoka kwenye mashua? Bibi yangu aliapa mpagazi mmoja alimwachia makusudi.

MUSA: Alimdai nauli ya kurudi?

ZUHURA: Alimdai kanga. Hadi anakufa anaidai. Lakini Musa, treni! Southend kuna treni juu ya gati. Mama kamuuliza kijana wa tiketi, mimi natafsiri, "Inakwenda wapi?" Kijana kasema, mwisho wa gati. "Halafu?" Halafu inarudi.

MUSA: Na meli iko wapi?

ZUHURA: Usianze.

MUSA: Mwambie Mama meli ilikuja 1986. Ikalipasua gati, ikapita.

ZUHURA: Nilimwambia! Kasema, "Hata hiyo nayo haikutia nanga." Twende la pili, nani aliyajaza. Watu wa viwanda vya nguo, Lancashire, kaskazini ya Uingereza, enzi hizo. Mji mzima unafunga kiwanda wiki moja, mafundi wanabaki na mitambo, watu wote wanapanda treni kwenda Blackpool, mji wa pwani. Wiki ijayo mji mwingine. Na wiki hiyo hulipwi! Umechanga mwaka mzima, senti kwa senti. Sheria ya likizo yenye malipo imekuja 1938.

MUSA: Na ukifika, mama mwenye nyumba ya wageni anakutoa nje baada ya chai ya asubuhi. Mvua inanyesha, urudi jioni.

ZUHURA: Ndiyo maana gatini kuna vibanda na viti vyenye ukuta wa kukinga upepo. Mtu aende wapi? Kwa peni chache anatembea juu ya bahari kama tajiri aliye kwenye meli, na hatapiki.

MUSA: Hapo sikubaliani nawe. Ile peni ya getini ilikuwa chujio. Ufuko bure, gati kwa hela, ili wenye kofia nzuri wasigusane na wafuma nguo. Blackpool hiyohiyo: North Pier la 1863 ni la waungwana, muziki wa kukaa kimya. Wafanyakazi walipozidi, wakawa na lao, Central, 1868.

ZUHURA: Na Central wakacheza dansi nje hadi usiku! Wewe unaona wamefukuzwa, mimi naona wamepata kwao.

MUSA: Kwao kwa kulipia.

ZUHURA: Hata taarabu unalipia mlangoni, Musa. Unatunza na juu yake.

MUSA: Taarabu hawajaweka ukumbi wa pili wa wenye ndala.

ZUHURA: Wewe hujawahi kwenda harusi ya Tanga.

MUSA: (anacheka) Sijabadilika. Geti ni geti.

ZUHURA: Na mimi sijabadilika. Mtu aliyesimama mbele ya mashine miezi kumi na moja, umpe kilomita moja ya upepo mtupu, unamwambia kabaguliwa.

MUSA: Miezi kumi na moja na wiki tatu. Wiki moja ndiyo likizo.

ZUHURA: Hesabu zako peleka getini.

(kimya kidogo)

MUSA: Kwa hiyo lile gati la Brighton, West Pier, limefungwa 1975, limeungua 2003, limebaki mifupa baharini. Ungelijenga upya?

ZUHURA: Kesho asubuhi.

MUSA: Mimi ningeyaachia maji.

ZUHURA: Najua. Ndiyo maana sikukualika Southend. Saa ngapi sasa?

MUSA: Zimebaki dakika mbili. Na la tatu? Mafunzo?

ZUHURA: Mafunzo hayapo. Sijakusimulia hata shakwe.

MUSA: Shakwe gani?

ZUHURA: Tumekaa tule chipsi, shakwe kashuka, kachukua kipande cha samaki kizima mkononi mwa Mama. Mama hakupiga kelele. Kamtazama anavyoruka, kaniambia, "Huyu ndiye pekee aliyejua alichokifuata huku."

MUSA: Mama arudi wiki ijayo. Wewe pumzisha miguu.

ZUHURA: Kwaherini jamani. Mama! Tumemaliza, washa tu hiyo blenda.