Endesha Blender kwenye seva ya mbali, picha zikufikie bila kukwama

Habari zenu, karibuni. Huyu hapa Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, na umbo hili la injini ninalolizungusha lina mamilioni ya poligoni, yaani vipande vidogo bapa vinavyoliunda. Kompyuta mpakato niliyonayo mezani haina kadi ya michoro ya maana. Kazi yote inafanyika kwenye seva iliyo mbali, huku kwangu zinafika picha tu. Naipenda sana kazi hii, basi leo tuipange pamoja.

Kuna wanaotumia ssh -X peke yake, yaani kuingia kwenye seva kwa ssh na kufungulia madirisha yake kwenye skrini yako, halafu wanalaumu intaneti. Kwa njia hiyo amri za OpenGL (lugha ambayo programu huagizia michoro) na data zote za umbo zinavutwa kwenye mtandao, kisha kompyuta yako dhaifu ndiyo inayochora. VirtualGL inazikamata amri hizo palepale kwenye seva na kuzikabidhi kwa kadi yake. TurboVNC inachukua picha iliyokwisha kuchorwa, inaibana na kukutumia. Umbo hata likiwa kubwa vipi, kinachosafiri ni picha ya dirisha.

Sakinisha zote mbili kwenye seva, na TurboVNC kwako pia. Hapo hamnihitaji.

Sasa kwenye seva, zima kwanza skrini ya kuingilia:

sudo systemctl stop display-manager

Kisha:

sudo /opt/VirtualGL/bin/vglserver_config

Chagua namba 1. Itakuuliza kama kadi itumiwe na kundi la vglusers tu. Seva ikiwa ya watu wengi, jibu ndiyo. Ukimaliza, washa tena ile skrini kwa amri ileile ya kwanza, ukiandika start badala ya stop, kisha jiingize kwenye kundi:

sudo usermod -aG vglusers jinalako

Hapa simameni kidogo. Toka kwenye seva kabisa, kisha ingia upya. Kama kuna sesheni ya VNC (eneo kazi la mbali linaloendeshwa na TurboVNC) uliyoianzisha kabla ya amri hii, iue. Sesheni ya zamani haijui kwamba umeingia kundini. Mimi nilipoteza jioni nzima nikibadilisha mipangilio ya kadi, kumbe sesheni ilikuwa ya asubuhi. Narudia: toka, ingia upya, anzisha sesheni mpya. Andika id, uhakikishe vglusers imo.

Tuanzishe sesheni:

/opt/TurboVNC/bin/vncserver -localhost

Mara ya kwanza itaomba nenosiri. Imenipa skrini :1, maana yake poti 5901. Hiyo -localhost inazuia watu wa nje kuingia moja kwa moja, kwa hiyo kwenye kompyuta yako fungua njia ya ssh:

ssh -L 5901:localhost:5901 jinalako@seva

Fungua TurboVNC Viewer, andika localhost:1, na eneo kazi hilo hapo.

Kabla ya Blender, tupime:

glxinfo | grep renderer

Subirini, nisogeze kamera. Mmeona? Imeandika llvmpipe. Maana yake prosesa ndiyo inayochora, kadi imelala. Nimesahau vglrun mbele. Tena:

vglrun glxinfo | grep renderer

Sasa limetokea jina la kadi. Mstari huu usomeni kila mara, kwa sababu llvmpipe haitoi kosa lolote. Dirisha linafunguka vizuri tu, halafu umbo linazunguka kwa kusuasua na hujui kwa nini. Ukikutana na "Could not open display :0", angalia kwanza kama ile skrini ya kuingilia imewashwa. Ikiwa imewashwa, rudi kwenye lile onyo: toka, ingia upya, sesheni mpya.

vglrun blender

Mtandao wangu si wa kasi, kwa hiyo kwenye mipangilio ya TurboVNC Viewer nachagua JPEG ya ubora wa chini. Tazameni ukingo wa boliti hii: ninapozungusha una ukungu kidogo. Nikitulia, nabonyeza Ctrl-Alt-Shift-L, na picha yote inaletwa upya bila kupunguzwa ubora. Hata uzi wa boliti unahesabika. Mimi huchagua wepesi wakati wa kuzungusha, na usafi wakati wa kukagua.

Ukifunga dirisha la kutazamia, Blender haizimiki, inaendelea kule kule na kesho utaikuta ilipo. Ukimaliza kabisa, hifadhi faili lako, kisha:

/opt/TurboVNC/bin/vncserver -kill :1

Usiiache wazi, maana Blender inashikilia kumbukumbu ya kadi ambayo mwenzako kwenye seva hiyo anaisubiri.