Baada ya hundi kubwa: kampuni zinunue kwa kinamama wa Dodoma

REHEMA: Mbukwenyi wasikilizaji wetu, Dodoma mjini, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, hadi majirani zetu wa Singida! Mimi ni Rehema, niko na kaka Yohana kama kawaida.

YOHANA: Karibuni sana. Leo dada Rehema ana jambo limemjaa kifuani, nimeliona tangu anaingia.

REHEMA: Limenijaa kweli. Kila ikifika tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, kampuni zinagawa khanga na fulana, halafu inatolewa ile hundi kubwa ya mfano. Vigelegele, picha, watu wanatawanyika. Msaada si mbaya, na aliyepewa kitu ashukuru. Lakini mimi nauliza: tarehe 9 Machi, kampuni ile inanunua nini kwa wale kinamama?

YOHANA: Watu wengi wakisikia uwajibikaji wa kampuni kwa jamii wanawaza madawati, visima, vyerehani.

REHEMA: Vyerehani hivyo! Kikundi kinakabidhiwa vyerehani, na kampuni iliyovitoa inaendelea kushonesha sare za wafanyakazi wake Dar es Salaam. Wape kinamama oda ya sare, kaka. Oda inalipa kodi ya fremu, inanunua kitambaa, na siku wakienda benki wana risiti na mkataba wa kuonyesha kwamba biashara ipo.

YOHANA: Na mtaji siku hizi si kwamba haupo kabisa. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Kikundi kinakopa, kinakamua alizeti au kinatengeneza sabuni, halafu mzigo unakaa ndani kwa kukosa mnunuzi, na marejesho yanadaiwa kila mwezi.

REHEMA: Hapo ndipo kampuni inatakiwa iingie. Serikali yenyewe imeshaonyesha njia, sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Kampuni binafsi hailazimishwi kufanya hivyo. Sasa kama inasema inajali, si ijiwekee kiwango chake?

YOHANA: Twende kwenye zabibu, maana ndiyo jina la Dodoma. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikishaiva haimsubiri mtu. Mkulima mdogo akikosa mnunuzi wiki ile anauza kwa bei yoyote atakayotajiwa. Nenda Hombolo, nenda Mpunguzi, nenda Makutupora, uone kinamama walivyo wengi kwenye kupogoa, kupalilia na kuvuna. Kiwanda cha mvinyo kikitaka kumwinua mama huyu, kimpe mkataba kabla ya mavuno, wenye bei, kilo, na tarehe ya kulipwa.

REHEMA: Na kikisaidia kikundi kupata mashine ya kukamulia na matangi?

YOHANA: Hapo mambo yanabadilika kabisa. Anauza mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, na mchuzi ukihifadhiwa vizuri unampa nafasi ya kukaa na kujadiliana bei. Zabibu mbichi haimpi nafasi hiyo.

REHEMA: Lakini mkataba uandikwe jina la nani? Mara nyingi mama ndiye yuko shambani tangu alfajiri, na malipo yanaingia kwenye simu ya baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Kiwanda kisajili mke na mume, kila mmoja kwa kilo zake, kila mmoja alipwe kwenye namba yake.

YOHANA: Dada, hapo unaweza kuleta ugomvi ndani ya nyumba.

REHEMA: Unaweza, ndiyo, hasa kampuni ikifanya kimyakimya. Kwa hiyo wakae na familia nzima kabla ya msimu, mwenyekiti wa kijiji awepo, kila mtu aelewe. Mume akiona hesabu yote mezani hana sababu ya kuhisi anafichwa. Ila hofu ya ugomvi isiwe kisingizio cha mama kufanya kazi msimu mzima bila kushika hata shilingi.

YOHANA: Nakubali. Mimi naomba tuwaseme mama lishe. Tangu Serikali ihamie huku ujenzi haujasimama, Mtumba na maeneo yote ya mji. Kila panapojengwa yupo mama na sufuria zake. Fundi anakula kwa kuandikwa kwenye daftari mpaka siku ya mshahara. Mkandarasi akichelewesha mishahara, deni linahamia kwa mama lishe. Ameshanunua mchele, maharage, mkaa, kwa pesa yake au ya VICOBA, na kule kwenye kikundi wanamsubiri na marejesho. Yaani mama mwenye mtaji mdogo kuliko wote pale ndiye anayeikopesha kampuni, na hakuna anayemhesabu.

REHEMA: Eeh, na fundi akihamishiwa eneo lingine anaondoka na deni.

YOHANA: Anaondoka nalo! Kwa hiyo ukiniuliza kampuni ya ujenzi iwasaidieje wanawake wa Dodoma, nitakwambia ilipe mishahara kwa wakati. Halafu iingie mkataba na mama lishe kadhaa, iwalipe yenyewe kila wiki, iwajengee banda lenye maji na sehemu ya kunawa. Hata mafundi watakula mahali pasafi.

REHEMA: Nami nataka kampuni ziangalie ndani ya geti lao pia. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Saa hizo mama anazitumia vipi kama anaishi Nala na ofisi iko katikati ya mji? Chumba kidogo chenye kiti, pazia na jokofu kingetosha. Na dada wa usafi aliyeletwa na wakala naye ahesabiwe. Kampuni inamwona kila asubuhi, inajua anafanya kazi, basi iandike kwenye mkataba na wakala kwamba haki hizi azipate.

YOHANA: Kwa migodi kuna mlango mwingine. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kanuni zake zilitoka 2023. Kwa hiyo kinamama wanaoishi jirani na mgodi wana mahali pa kupeleka hoja: diwani wao, mkutano wa kijiji.

REHEMA: Waende na hoja iliyoandikwa. Waseme mboga za kantini ya mgodi zinunuliwe kijijini, mayai hali kadhalika, malipo ndani ya siku 14. Mpango ukishapitishwa bila hilo, watasubiri mwaka mzima.

YOHANA: Siku 14 umeitaja makusudi?

REHEMA: Makusudi kabisa. Mama wa mbogamboga akikaa miezi mitatu bila kulipwa, mtaji wote umekufa. Kwa hiyo dada zangu mnaouza bidhaa au huduma kwa kampuni yoyote huku kwetu, tutumieni ujumbe wa sauti: mnauza nini, na mnasubiri malipo muda gani. Majina yenu hatutayataja. Tutazisikiliza zote, na kipindi kijacho tutazijadili hapa na mhasibu, atueleze hati ya madai iandikweje na ifuatiliweje.

YOHANA: Na wenye kampuni nao watume. Tunataka kusikia kwa nini malipo yanachelewa.