Tuanzie Dikoni

(Mazungumzo mbele ya wanakijiji, uwanja wa skuli, pwani ya mashariki ya Unguja)

Asalaam alaykum. Mheshimiwa sheha, shekhe wetu, wazee wangu, kina mama, na nyinyi watoto mliopanda ukutani, shukeni kwanza, nitangoja.

Barua ya sheha iliniita mimi, mtu wa mifugo, nije kuzungumza juu ya "tatizo la paka". Basi leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilikaa dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, juu ya ngalawa iliyopinduliwa, tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka mnada ulipokwisha. Nimehesabu paka 34. Nimeona pia vijana wanaopara samaki wakitupa matumbo na vichwa pale pale mchangani. Wanaanza kunguru, wanafuata paka, na kilichobaki kinangoja maji yajae. Kama barua ningeiandika mimi, ningesema "tatizo la matumbo ya samaki".

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu mnawajua. Si wa kwetu. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Taka hazikwisha, wao ndio waliozidi. Miaka ya 1990 wakategwa na kutiliwa sumu, wakapungua kweli. Kazi iliposimama wakajaa upya, maana majalala yalikuwa yanawangoja.

Na mimi nina kosa langu. Nilipokuwa mgeni kazini, kijiji kimoja kiliniomba niwaondolee paka. Nikatia 11 kwenye magunia, nikawapeleka kwa gari mpaka vichakani, nikawafungulia. Nikasifiwa, nikapewa na nazi. Miezi minne baadaye napita kijiji kile, paka tele. Wageni wembamba, wana makovu, wanapigana usiku kucha kwa sababu hawajajuana. Wawili wa zamani walikuwa wamesharudi kwa miguu yao. Wale tisa waliobaki vichakani walizoea kula vichwa vya samaki, si kuwinda, na sipendi kufikiri walivyoishia. Ukimtoa paka ukaacha chakula, umeacha nafasi ya kazi iliyo wazi.

Kuna aliyeniuliza kwa sauti ya chini habari ya sumu. Ndugu yangu, sumu haichagui. Itakula kuku wako, bundi anayekukamatia panya shambani, hata mtoto anayeokota kitu mchangani. Na paka aliyekula sumu hafi pale ulipomtegea, anakwenda kufia kisimani au chini ya kitanda cha mtu. Sitalisema tena hilo.

Sasa uzazi, maana hapa ndipo penye hesabu. Paka hubeba mimba siku 63 hadi 65. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na ananyonyesha huku ameshabeba nyengine. Aliyezaliwa Januari anaweza kuwa mama kabla ya Septemba. Tena sisi tuna la ziada. Paka jike huongozwa na urefu wa mchana. Kule Ulaya, mchana unapokuwa mfupi wakati wa baridi, jike hupumzika. Hapa kwetu mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima. Jike wa Unguja hana likizo.

Kwa hiyo dawa ni kufunga uzazi, kisha kumrudisha paka pale pale alipokamatwa. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Wahenga hawakuwa na sindano ya usingizi. Dume huhasiwa kama ng'ombe anavyofanywa maksai, ila huyu amelala hajui kitu. Mkato mdogo, dakika chache, kwisha. Jike hupasuliwa tumbo, hutolewa mji wa mimba, hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Wote wanachanjwa kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka naye hukipata na hukiambukiza. Na hapo hapo, mtu yeyote akiumwa au akiparuzwa na paka, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama litavimba.

Kabla hajaamka tunakata ncha ya sikio la kushoto. Mkimwona msiseme kaonewa. Hicho ndicho cheti chake, tusije tukampasua mara mbili. Dume aliyehasiwa hupunguza kupigana na ule mkojo wake mkali milangoni, na kijiji kinalala.

Shekhe, hili nalisema mbele yako ili unisahihishe. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Juu ya kuhasi, wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani. Wapo waliokataza, wapo walioruhusu pakiwa na maslahi na pasipo madhara. Jana baada ya Alasiri tumekaa na shekhe, na nikimaliza atasema mwenyewe. Mimi mtu wa mifugo, sitoi fatwa.

Kosa ninaloliona vijiji vingi ni kutawanya. Wanakamata mmoja nyumba hii, wawili kule msikitini, watatu skuli, dawa inakwisha, na kila pahala pamebaki majike ya kutosha kujaza upya. Wanaoifanya kazi hii hulenga angalau paka 7 katika kila 10. Kwa 34 wa dikoni, hao ni 24. Tumalize diko kwanza, asibaki jike mmoja kwa bahati, ndipo tupande juu nyumbani.

Kumkamata si kumkimbiza. Tunaweka mtego wa kizimba, ndani kipande cha samaki kinachonuka, na unakaa mbali. Mlango ukianguka atarukaruka kama kichaa. Usiseme naye, mfunike na khanga kizimba kizima. Akiwa gizani hutulia, utasikia kupumua tu. Kisha mpapase kwa macho. Jike mwenye chuchu nyekundu zilizotoka, manyoya yamelowa mate pembeni, ana watoto wanaomngoja chini ya mtumbwi fulani. Huyo tuwatafute watoto kwanza.

Na chakula? Sisemi muwanyime, paka wa nyumba haingwa, na bila wao panya watahamia kwenye nyavu zenu. Nasema matumbo yawekwe kwenye pipa lenye kifuniko, jioni yafukiwe migombani, migomba itawashukuruni. Anayependa kulisha alishe pahala pamoja, saa ile ile. Atatusaidia hata kutega.

Mahoteli nayo nisiyasahau. Msimu wa wageni paka wanalishwa kamba na keki. Masika yakiingia, mlango unafungwa, na paka wale wanateremkia kwenu. Sheha, hao ndio wa kwanza kuombwa pesa ya dawa.

Tumekubaliana Jumamosi, alfajiri, kabla ngalawa hazijarudi. Vizimba nitakuja navyo sita. Nahitaji khanga kuukuu, vijana wanne wasiopiga kelele, na chumba kimoja cha skuli chenye dirisha la waya. Yule jike chongo anayelala chini ya mti wa mkungu ndiye nimtakaye mwanzo, tumbo lake sijalipenda. Na wewe mzee wangu mwenye kofia, nimekuona leo ukimtupia kichwa cha changu. Ijumaa usiku usimpe kitu. Asubuhi namtaka na njaa.