Kabla Hujaandika Krimu ya Tatu

Wenzangu, walionisikia kabla ya leo wanajua ninakoelekea, na naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Mgonjwa mwenye vidonda kinenani bado anaandikiwa krimu ya fangasi, ikishindwa anaandikiwa ya steroidi, ikishindwa anapewa yenye vyote viwili ndani ya tyubu moja. Hakuna aliyempima uzito.

Ninayemsema ni mgonjwa wa glukagonoma, yaani uvimbe wa kongosho unaomwaga homoni ya glukagoni kupita kiasi. Vipele vyake vina tabia zake, na hapa nitakaa. Huanzia kinenani, matakoni, mapajani, tumboni chini, au kuzunguka mdomo. Doa linatokea, ukingoni panavimba malengelenge mepesi, yanapasuka, panabaki gamba. Katikati panapona huku ukingo ukizidi kutambaa. Wiki moja, mbili, kisha linaanza upya pembeni. Ndiyo maana mgonjwa anakwambia, "Dawa ilinisaidia kidogo, halafu vikarudi." Dawa haikusaidia chochote, vipele vilihama vyenyewe! Na vitabu vinasema wekundu. Kwenye ngozi zetu usingoje wekundu: utaona zambarau au kahawia iliyoiva, na mabaka meusi yanayobaki nyuma.

Mwaka 1942 madaktari Becker, Kahn na Rothman waliandika habari za mwanamke mwenye vipele hivi na uvimbe wa kongosho. Ni mwaka 1966 ndipo McGavran na wenzake walipoikuta glukagoni imejaa kwenye damu ya mgonjwa mwingine. Mwaka 1974 Mallinson na wenzake wakawaelezea wagonjwa tisa. Hesabuni wenyewe: ngozi ilitoa ushahidi miaka 24 kabla ya maabara.

Kwa nini ngozi? Glukagoni ikizidi, ini linachukua asidi amino za mwili, yaani matofali ya protini, na kuzigeuza sukari, kama mtu anayevunja viti vya sebuleni ili awashe jiko. Ngozi inakosa cha kujijengea. Kuna wagonjwa waliopewa asidi amino kwa dripu, vipele vikapungua na uvimbe bado upo palepale.

Najua kuna anayenong'ona huko nyuma: "Daktari, huo ni ugonjwa wa mtu mmoja kati ya milioni 20 kwa mwaka, na mimi nina foleni hadi getini." Sijasema kila anayejikuna apelekwe kwenye CT, ile picha ya ndani ya mwili. Uliza tu. Amekonda? Sukari imepanda karibuni? Ulimi unauma, pembe za mdomo zimechanika, damu imepungua? Ukipata mawili na vipele havisikii dawa, kata kipande cha ngozi. Tena kata kwenye ukingo mpya unaotambaa. Ukikata gamba la katikati, wa patholojia hataona kitu, atakuandikia "ukurutu", nawe utafurahi. Na ikiwa si glukagonoma, hujapoteza kitu: upungufu wa zinki, ini lililosinyaa na utapiamlo vinaweza kuleta ngozi inayofanana na hiyo, na hao hawakosekani kwenye foleni yako.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi naenda mbio. Kuganda kwa damu miguuni kunawapata karibu theluthi ya wagonjwa wa glukagonoma, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba usiupuuze. Pima glukagoni, kisha piga picha ya tumbo. Zaidi ya nusu hugunduliwa uvimbe umeshafika kwenye ini, ndiyo sababu napiga kelele. Ukitolewa wote, vipele vinaweza kuisha ndani ya siku chache. Usipotoleka, kuna oktreotaidi, dawa ya kuuzuia usimwage homoni. Slaidi za insulinoma na gastrinoma, uvimbe mwingine unaomwaga homoni, naziruka, hizo hazianzi na vipele. Ila uliza habari za ukoo: akiwapo ndugu mwenye uvimbe wa kongosho, wa tezi iliyo chini ya ubongo, au wa zile tezi za shingoni zinazosimamia kalsiamu, mtu huyo asirudi nyumbani bila barua ya rufaa.