Mpangieni Mwaka Ujao

Shikamooni wazee wangu, vijana hamjambo. Ninyi mnailea sikoseli nyumbani, ugonjwa huu wa damu wa kurithi, kwa hiyo sitawaeleza mengi. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila kliniki, na nitalisema mpaka liwaingie: mtoto huyu mpangieni mwaka ujao.

Kuna baba alikuwa akimleta mwanawe kwetu. Alimpenda, hilo hakuna wa kulipinga. Usiku wa maumivu alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na dawa alinunua hata kwa kukopa. Lakini mtoto alikuwa na umri wa darasa la tano na shule haijui. Baba aliambiwa na watu, tena wengine wenye makoti meupe, kwamba hawa hawavuki utoto. Sasa sare ya nini? Siku moja mtoto akaniuliza, "Sista, wenye sikoseli huota ndevu?" Nisikilizeni vizuri. Hakuuliza habari za dawa wala maumivu. Alitaka kujua kama atakuwa mwanamume. Sikumjibu. Nilimwita mgonjwa wangu mwingine, fundi redio, mtu mzima, ndevu zimemjaa, na sikoseli anayo hiyo hiyo. Akakaa naye kwenye benchi. Mtoto akaomba kuzishika zile ndevu. Baba alitazama tu, hakusema kitu. Muhula uliofuata mtoto alikuwa darasani, mkubwa kuliko wenzake wote, wala hakuona haya.

Najua kuna mama hapa anasema moyoni: Sista anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, watoto wanakufa. Ndiyo, wanakufa, na mimi nimewafunika kwa mikono yangu. Simwahidi mtu uhai. Lakini utafiti uliochapishwa 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliwapa watoto wa kwetu Afrika wenye sikoseli dawa iitwayo haidroksiyurea. Maumivu yakapungua, maambukizi yakapungua, hata malaria. Kuongezewa damu kukapungua, na vifo vikapungua. Dawa yenyewe haiponyi. Inamezwa kila siku, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Sasa niambieni: mtoto aliyesikia wakubwa wakinong'ona kwamba hafiki mbali, atameza kidonge cha leo kwa ajili ya nini? Na wewe unayenong'ona, nauli ya kliniki ya mwezi ujao utaitafuta kwa nguvu gani? Hapo ndipo ninapokasirika. Nyumba iliyokata tamaa inamnyima mtoto dawa ambayo ipo.

Wala msimwambie "jikaze" akiwa kwenye maumivu. Anaumwa kwa sababu damu inaziba njiani haipiti. Kulia kwake si uoga. Mpeni dawa ya maumivu, maji na joto, na akitulia mwambieni mtihani wake ni lini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: chupa ya maji shuleni, na mwalimu amruhusu kwenda chooni kila anapoomba. Homa haisubiri asubuhi. Akina baba, acheni kuwafukuza wake zenu. Mtoto hupata sikoseli kwa kurithi kwa wazazi wote wawili. Habari ya kuchangia damu nilitaka niiseme kwa kirefu, leo haiwezekani. Wenye watoto waliokataliwa shule njooni hapa mbele na kadi za kliniki, tuwaandikie walimu wakuu barua sasa hivi.